Faiawoli imewashwa, lakini inazuia? Maswali na majibu

Maswali yaliyonifikia safari hii karibu yote yana mzizi mmoja. Watu wana faiawoli kwenye kompyuta ya nyumbani, wengine huiita ukuta wa moto, yaani kinga inayozuia miunganisho isiyotakiwa, na hawajui kama inafanya kazi au ipo tu. Wana haki ya kujiuliza, kwa sababu faiawoli ikifanya kazi vizuri hakuna unachokiona, na ikiwa imelala pia hakuna unachokiona. Maswali marefu nimeyafupisha, na yanayofanana nimeyaunganisha.

Swali: Nikifungua mipangilio ya usalama kwenye Windows naona alama ya kijani na maneno kwamba faiawoli imewashwa. Kuna haja ya kupima zaidi ya hapo?

Jibu: Ipo. Alama ile inakuambia mlinzi yuko lindoni. Haikuambii amepewa orodha gani ya watu wa kuwaruhusu. Kila programu uliyoiruhusu siku ile kisanduku kilipojitokeza, ukabofya kukubali ili tu kikuondokee machoni, imeacha kanuni yake humo. Baada ya miaka kadhaa ya kubofya hivyo, mlinzi anaweza kuwa macho kabisa na bado anawafungulia wengi.

Jambo la pili, Windows ina mafungu matatu ya kanuni: la mtandao wa kazini unaosimamiwa, la mtandao binafsi na la mtandao wa umma. Ukiunganisha Wi-Fi ya ugenini kisha ukaiambia kompyuta kwamba ni mtandao binafsi, masharti yanalegea mbele ya watu usiowajua. Fungua Command Prompt uandike netsh advfirewall show allprofiles. Kila fungu lionyeshe kwamba hali ni ON, na sera ianze na BlockInbound, yaani kinachoingia kutoka nje bila kuitwa kizuiwe. Fungu moja likiwa OFF, umeshapata kazi ya kufanya kabla ya kipimo chochote.

Wenye Mac nao waangalie, kwa kuwa faiawoli ya Mac kwa kawaida huja ikiwa imezimwa. Kwenye Ubuntu programu ya ufw ipo lakini haijaamshwa. Amri ya sudo ufw status verbose itakupa jibu mara moja. Wengi hudhani kila kompyuta huzaliwa na ulinzi umewashwa, na hata kwa Windows haikuwa hivyo siku zote. Windows XP ilitoka mwaka 2001 ikiwa na faiawoli ndani yake, ila haikuwashwa kwa watu wengi. Agosti 2003 mnyoo wa Blaster, programu mbaya inayojisambaza yenyewe, ukapita kwenye poti 135 (poti ni mlango wenye namba ambao programu hupokelea mawasiliano ya mtandao) na kuangusha kompyuta dunia nzima, na mwaka uliofuata, mwezi huohuo wa Agosti, Microsoft wakatoa Service Pack 2 iliyoiwasha kwa kila mtu. Hapakuhitajika teknolojia mpya. Kilichobadilika kwenye faiawoli, zaidi ya yote, ni kwamba ilikuja imewashwa.

Swali: Nimepima kwenye tovuti ya kupimia faiawoli, poti zote zikaonekana zimefichika. Kwa udadisi nikaizima faiawoli ya kompyuta kabisa, nikapima tena, matokeo yakawa yaleyale! Tovuti inadanganya?

Jibu: Haidanganyi, na nakupongeza kwa kujaribu hivyo, maana wengi huridhika na kijani cha kwanza. Tovuti imepima ruta yako, kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani. Kompyuta yako haijaguswa.

Kompyuta ya nyumbani huwa na anwani ya IP ya ndani, inayoanza na 192.168, au 10, au kati ya 172.16 na 172.31. Anwani hizi hazisafiri kwenye intaneti. Nje ya nyumba hakuna anayezijua. Kinachoonekana nje ni anwani ya ruta. Mtu wa nje akituma ombi ambalo hakuna aliyeliita, ruta inalipokea kama barua isiyo na jina la mpokeaji: haijui iifikishe kwa kifaa kipi kati ya vilivyomo ndani, kwa hiyo inaitupa. Ndiyo maana kuzima faiawoli ya kompyuta hakukubadilisha chochote.

Ukiwa umewasha VPN, huduma inayopitisha mawasiliano yako kwenye seva ya mbali, mambo yanasogea mbali zaidi, kwa sababu tovuti itapima seva ya VPN, kompyuta ya watu wengine kabisa. Tena watoa huduma wengi wa intaneti huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ingia kwenye ukurasa wa hali ya ruta uangalie anwani yake ya upande wa nje. Ikiwa ni kati ya 100.64 na 100.127, basi hata ruta yako haikupimwa. Kilichopimwa ni mtambo wa mtoa huduma. Kanuni yangu ni moja: kabla sijasoma matokeo nalinganisha anwani iliyoandikwa kwenye ukurasa wa kipimo na ile ya ruta upande wa nje. Zikilingana, kipimo kimegusa nyumba yangu. Zisipolingana, rangi ya kijani hainihusu.

Sisemi vipimo hivi havina maana. ShieldsUP!, tovuti ya kupimia poti ya Steve Gibson, iko hewani tangu 1999 na bado naitumia, kwa sababu inanionyesha dunia inaona nini ikitazama nyumba yangu. Ila ujue mipaka yake. Kipimo chake kikubwa kinagusa poti 1,056 za mwanzo, na namba za poti zinafika 65,535. Programu inayosikiliza kwenye poti 8000 haimo kwenye hesabu hiyo mpaka uitaje namba hiyo mwenyewe kwenye sehemu ya kupima poti uliyoichagua.

Swali: Baadhi ya poti zangu zimeandikwa “zimefungwa”, nyingine “zimefichika”. Nahangaika zote zifichike. Nifanyeje?

Jibu: Kwanza pumua. Fikiria mtu anapiga hodi. Poti iliyo wazi inaitikia “karibu”. Poti iliyofungwa inajibu “unayemtafuta hayupo hapa”. Iliyofichika haiitiki kabisa. Mgeni anabaki mlangoni mpaka anachoka na kuondoka.

Kwenye ile ya pili na ile ya tatu mgeni hakuingia. Poti iliyofungwa si kasoro wala si dalili ya kuvamiwa. Ukimya nao haufichi nyumba kama watu wanavyoamini: pakiti, yaani vifurushi vya data, zikielekezwa mahali pasipo na kitu, mara nyingi ruta ya karibu hurudisha taarifa kwamba hapafikiki, kwa hiyo kunyamaza kabisa ni kujitangaza kwa namna yake. Nguvu zako zipeleke kwenye poti zilizo wazi. Ikiwapo hata moja usiyoijua sababu yake, hiyo ndiyo ikunyime usingizi.

Tofauti kati ya majibu hayo ina faida nyingine, hasa ukipima kutoka ndani ya nyumba. Jibu la “hayupo” mara nyingi maana yake ombi limefika mpaka kwenye kompyuta na halikukuta programu. Faiawoli haikulizuia. Siku itakapokuwapo programu kwenye poti hiyo, ombi lilelile litapokelewa. Kwa hiyo poti inaweza kuwa imefungwa kwa sababu tu hakuna aliye nyuma ya mlango, na wewe ukaisifu faiawoli bure.

Swali: Basi niipime vipi kompyuta yenyewe? Nina laptopu moja na simu, na mimi si fundi.

Jibu: Viwili hivyo vinatosha. Hili ndilo swali nililolisubiri, nawe utaniwia radhi nikilijibu kwa urefu.

Usipime mlango usio na mtu nyuma yake. Tutaweka kitu nyuma ya mlango makusudi, tuhakikishe simu inakifikia mlango ukiruhusiwa, kisha tuuzuie tuone simu inashindwa. Karibu kila mtu hufanya nusu ya pili peke yake. Anajaribu kuingia, anashindwa, anafurahi. Hajui kama alizuiwa na faiawoli, au alikosea anwani, au hapakuwa na kitu cha kufikia tangu mwanzo.

Unganisha simu na laptopu kwenye Wi-Fi ileile na uzime data ya simu. Isiwe Wi-Fi ya wageni, kwani ruta nyingi huvitenganisha vifaa vilivyo kwenye mtandao wa wageni visionane, na hilo litakupa ushindi wa uongo. Kwenye laptopu tengeneza folda tupu, uweke ndani yake faili moja la maandishi, liite hata “umenifikia”. Nasisitiza folda iwe tupu: programu tutakayoiwasha inaonyesha kila kilichomo kwenye folda ulimoianzishia, na hutaki iwe folda ya nyaraka zako. Fungua dirisha la amri ukiwa ndani ya folda hiyo na, kama una Python, lugha ya kuandikia programu, andika python -m http.server 8000. Kwenye Mac na Linux ni python3. Sasa laptopu inasikiliza kwenye poti 8000.

Windows huenda ikauliza kama uiruhusu. Ruhusu, ni kwa dakika chache. Dirisha lingine la amri, andika ipconfig upate anwani ya laptopu, tuseme ni 192.168.1.20. Kwenye kivinjari cha simu andika http://192.168.1.20:8000. Ukiliona jina la faili lako, nusu ya kwanza imekamilika: njia ipo na programu inaitika.

Rudi kwenye mipangilio ya faiawoli, kwenye fungu la mtandao unaoutumia, uweke alama kwenye kisanduku cha kuzuia miunganisho yote inayoingia, hata ya programu zilizoruhusiwa. Mac nayo ina chaguo la kuzuia zote, na ni bora kulitumia kwenye kipimo hiki, maana Mac huruhusu baadhi ya programu zenye saini bila kukuuliza. Kwenye simu fungua ukurasa ule upya, ikibidi kwenye dirisha la faragha, usije ukaonyeshwa nakala ya zamani. Simu inapaswa kuzunguka na kuzunguka, kisha ikiri kwamba imeshindwa.

Shahidi wa kuaminika zaidi lakini si simu. Tazama lile dirisha la Python. Kila ombi linalolifikia linaandikwa hapo kwa mstari wake, pamoja na anwani ya aliyeomba. Wakati wa nusu ya kwanza utaona mistari. Wakati wa nusu ya pili dirisha linatakiwa litulie. Ukiona hivyo, umeipima faiawoli ya kompyuta yako kwa macho yako, na hakuna tovuti ya nje ambayo ingekupa uhakika huo.

Ikiwa nusu ya kwanza ilishindwa, usiitangaze kuwa habari njema. Huenda uko kwenye mtandao wa wageni. Huenda pia kisanduku kilipokuja ulibofya kukataa. Windows huandika kanuni ya kuzuia programu hiyo, na kanuni ya kuzuia huishinda ya kuruhusu. Na kama nusu ya pili ndiyo iliyoshindwa, yaani umezuia yote na simu bado inaingia, angalia kama kuna programu nyingine ya usalama iliyochukua usimamizi wa faiawoli, au kama ulibadilisha fungu ambalo silo.

Usipime kwa kivinjari cha laptopu ileile. Kompyuta inayojipigia hodi yenyewe haipiti mlango wa nje, hata ukiandika ile anwani ya 192.168. Ukimaliza bonyeza Ctrl na C kuzima programu, ondoa alama ya kuzuia yote, kisha ingia kwenye orodha ya programu zilizoruhusiwa uifute Python. Kanuni za majaribio zinazosahaulika ndizo matundu ya kesho.

Swali: Nikiipingi kompyuta yangu kutoka kwa nyingine hairudishi jibu. Ni ushahidi kwamba faiawoli iko imara?

Jibu: Ni ushahidi kwamba imekataa pingi, yaani ombi fupi la kuuliza kama kompyuta ipo, basi. Pingi ina kanuni yake, na Windows kwa kawaida haiitikii. Poti zote zingeweza kuwa wazi wakati huohuo. Kinyume chake pia ni kweli: kompyuta inayojibu pingi si kwamba imeachwa wazi.

Swali: Nimeandika netstat -ano nikakuta orodha ndefu ya poti “LISTENING”, zikiwamo 135 na 445. Nimevamiwa?

Jibu: Hapana, kwa hizo mbili. Windows yenyewe husikiliza hapo, na poti 445, inayohudumia ushirikishaji wa faili, utaiona inashikiliwa na namba 4, ambayo ni mfumo wenyewe. Kusikiliza ni jambo la programu. Kufikika ni jambo la faiawoli. Unaloliona kwenye netstat ni la kwanza tu.

Angalia namba iliyo kabla ya poti. Ikiwa ni 127.0.0.1, programu inaongea na kompyuta yenyewe peke yake na hakuna wa nje anayeweza kuifikia. Ikiwa ni 0.0.0.0, iko tayari kumsikiliza yeyote, na hapo faiawoli ndiyo inayosimama katikati. Namba ya mwisho kwenye mstari ni ya programu inayoshikilia poti; itafute kwenye Task Manager, sehemu ya maelezo, ujue mwenyewe ni nani. Jina usilolijua lichunguze kabla hujaliua.

Poti 445 iheshimu, hata hivyo. Programu mbaya ya WannaCry iliposambaa Mei 2017 ilipita hapohapo, ikiruka kutoka kompyuta moja hadi nyingine bila mtu kubofya chochote, wakati sasisho la kuziba tundu lile Microsoft walikuwa wamelitoa tangu Machi. Kompyuta ambayo poti hiyo haikufikika kutoka nje haikuweza kuambukizwa kwa njia hiyo. Lakini ikiwa ndani ya mtandao mmoja na kompyuta iliyoambukizwa, ruta haingeisaidia kitu, kwa sababu adui alishakuwa ndani. Ndiyo maana nashikilia kwamba faiawoli ya kompyuta ipimwe peke yake, hata kama ruta ni nzuri.

Swali: Nikiweka faiawoli mbili za programu kwenye kompyuta moja si nitakuwa salama mara mbili?

Jibu: Hapana. Zitagongana, na siku kitu kikizuiwa hutajua uulize ipi. Kwa kawaida programu nyingine ikijisajili, Windows huipisha. Ruta pamoja na faiawoli moja ya kompyuta ni mpango mzuri; zaidi ya hapo ni kujitesa.

Swali: Mnazungumzia vinavyoingia. Je, programu mbaya iliyokwisha kuwa ndani ikituma siri zangu nje, faiawoli itaizuia? Nipime vipi?

Jibu: Kikulacho ki nguoni mwako, na swali lako linagusa udhaifu wa kweli. Faiawoli ya Windows, kama inavyokuja, inaruhusu kila kinachotoka isipokuwa ulichokikataza kwa kanuni. Kwenye ile amri ya netsh utaona imeandikwa waziwazi: AllowOutbound.

Kupima kama inaweza kuzuia kinachotoka ni rahisi. Kwenye mipangilio ya juu ya faiawoli tengeneza kanuni ya kutoka inayozuia programu moja, kwa mfano kivinjari usichokitumia sana. Kifungue. Kikishindwa kufungua tovuti wakati kivinjari kingine kinafungua, uwezo upo. Futa kanuni.

Kuwa na uwezo huo na kuutegemea ni mambo tofauti, na hapa natoa maoni yangu bila kuyafunika. Steve Gibson huyohuyo alitoa programu ndogo iitwayo LeakTest, iliyoonyesha kwamba baadhi ya faiawoli za wakati ule zilidanganyika kwa programu kubadilishiwa jina tu. Zimeboreka tangu hapo, lakini programu mbaya iliyo ndani yenye ruhusa za msimamizi inaweza kuandika kanuni zake yenyewe, au kujificha ndani ya kivinjari na kutoka kwa poti 443 ambako mawasiliano ya karibu tovuti zote hupita. Faiawoli zinazouliza kuhusu kila kinachotoka humchosha mtu mpaka anaanza kukubali bila kusoma. Kwa kompyuta ya nyumbani nguvu nyingi naziweka kwenye kuzuia programu mbaya isiingie: sasisho za mara kwa mara, na kutotumia akaunti ya msimamizi kwa kazi za kila siku.

Swali: Kipimo cha mtandaoni kimenionyesha poti moja iko wazi kwenye ruta. Naapa sijawahi kuifungua. Nani kaifungua?

Jibu: Nakuamini. Mshukiwa wa kwanza ni UPnP, utaratibu unaoziruhusu programu na vifaa vya ndani kuiomba ruta iwafungulie poti bila kumuuliza mwenye nyumba. Michezo ya kompyuta huutumia, kamera huutumia, na programu mbaya pia inaweza kuutumia. Ingia kwenye ruta, tafuta orodha ya poti zilizoelekezwa ndani, uone imeelekezwa kwa anwani ipi. Ukishakijua kifaa, amua. Mimi huizima UPnP, na kama kuna mchezo unaolalamika naufungulia poti yake kwa mkono. Ni usumbufu, lakini angalau najua mlango upi uko wazi na kwa nini.

Mshukiwa wa pili ni ruta yenyewe, ukurasa wake wa mipangilio ukiwa umeachwa ufikike kutoka nje. Uzime leo. Mwaka 2016 programu mbaya ya Mirai ilikusanya jeshi la ruta na kamera kwa kujaribu kwenye Telnet, njia ya zamani ya kuingia kwenye kifaa kwa mbali, orodha ya majina na nywila za kiwandani zipatazo 60 tu, kwa sababu wenye vifaa hawakuzibadilisha, na vingine havikuwapa hata nafasi ya kuzibadilisha.

Na usisahau IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti. Kwa IPv4, ule wa zamani wenye anwani kama 192.168.1.20, ruta hukukinga hata bila kukusudia, kwa sababu ya zile anwani za ndani. Kwa IPv6 kila kifaa kinaweza kuwa na anwani inayofikika dunia nzima, na kinachokikinga ni faiawoli ya ruta na ya kompyuta basi. Kwenye ipconfig, anwani ya IPv6 inayoanza na 2 ni ya aina hiyo. Inayoanza na fe80 ni ya ndani tu. Ukiwa nayo ya kwanza, tafuta kipimo kinachopima IPv6 waziwazi, kwani vingi vinapima IPv4 na kuishia hapo.

Swali: Mpwa wangu kaniwekea Nmap, na rafiki yangu ananitisha kwamba ni chombo cha wadukuzi. Niifute?

Jibu: Iache, na mshukuru mpwa wako. Gordon Lyon aliitoa Nmap mwaka 1997, na wasimamizi wa mitandao huitumia kila siku kupima poti. Kutoka kompyuta ya pili andika nmap na anwani ya kompyuta unayoipima, nayo itapima poti 1,000 zinazotumika zaidi. Ukiongeza -p- itapima zote, ila uwe na subira, hasa kompyuta inayopimwa ikiwa inanyamaza. Matokeo yake ni yaleyale ya kupiga hodi, isipokuwa kilichofichika yenyewe hukiita “filtered”. Poti za UDP, njia ya kutuma data bila kusubiri uthibitisho, zina shida yake: ukimya hapo unaweza kumaanisha imezuiwa au iko wazi na haina la kusema, na Nmap inakiri hivyo kwa kuandika yote mawili.

Pima vifaa vyako tu, au vya mtu aliyekupa ruhusa. Kupima vya wengine bila ruhusa kunaweza kukuingiza matatani na mtoa huduma wako, na mahali pengine na sheria.

Swali: Nimewasha kumbukumbu za faiawoli. Ndani ya siku moja nimekuta mamia ya mistari iliyoandikwa DROP. Kuna mtu ananiandama?

Jibu: Umefanya vizuri kuziwasha, Windows haiziandiki mpaka uiambie, na faili lake, pfirewall.log, linakaa ndani ya folda ya System32, kwenye LogFiles kisha Firewall. Kwa kuanzia ukubwa wake ni kilobaiti 4,096, kwa hiyo mistari ya zamani hupotea upesi. Uongeze.

Karibu mistari yote hiyo itakuwa na anwani za ndani. Ni printa inajitangaza, simu inatafuta spika, ruta inasalimia kila kifaa. Mitandao ya nyumbani ina kelele nyingi kuliko tunavyodhani. Kwa upande wa ruta nako, anwani yoyote ya intaneti hupigiwa hodi usiku na mchana na mashine zinazopita kila nyumba bila kujua ni ya nani. DROP maana yake ombi limetupwa; ni faiawoli ikifanya kazi yake.

Tafuta vitu viwili. Cha kwanza, kifaa kimoja cha ndani kinachogonga poti nyingi tofauti za kompyuta yako kwa muda mfupi; printa haina sababu ya kufanya hivyo, na kifaa hicho kitenge kwenye Wi-Fi mpaka ujue kina nini. Cha pili ni ukimya. Rudia kile kipimo cha simu na poti 8000 huku umezuia yote, kisha fungua faili utafute 8000. Mstari wa DROP wenye anwani ya simu yako uwepo, na saa ilingane. Usipouona wakati simu ilishindwa kuingia, kumbukumbu hazijawashwa kwenye fungu la mtandao unaoutumia, au kilichoizuia simu hakikuwa faiawoli hii.